Gauni Nililolinyima Pindo

Binti, kabla hujaendelea kusoma, pindua pindo la sketi yako uangalie kwa ndani. Usione haya. Wenzako wote wa darasa la Kipaimara wamepewa karatasi hii hii, na kila mmoja nimemwomba afanye hivyo. Weka vidole vyako juu ya lile kunjo. Likimeza vidole vinne, aliyekushonea alijua kazi. Likimeza viwili, alikuwa na haraka. Lisipomeza hata kimoja, mtu huyo alikushonea wewe wa siku ile tu, hakufikiri kwamba utakula ugali ukakua.

Paroko ndiye aliyeniomba niwaandikie. Alikuja hapa kwangu Milanzi, akakalia kiti changu cha cherehani, ambacho hata wajukuu zangu hawathubutu kukikalia, akasema, "Mama Skolastika, umewalea wasichana wa kigango chetu miaka mingi. Umewavisha, umewafundisha. Waandikie kuhusu staha. Watakusikiliza wewe kuliko mimi."

Nikamwambia nitaandika. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Nikachukua daftari, nikaandika juu kabisa: *Kwanza, gauni liguse sakafu msichana anapopiga magoti.* Nikaishia hapo. Daftari lilikaa mezani mwezi mzima, likawa mahali pa kuwekea miwani.

Sababu nitawaambia, ila mtanivumilia nikizunguka kidogo, maana jambo lenyewe ni zito kulitoa mdomoni.

Mimi nilianza cherehani nikiwa na umri kama wenu, kwenye chumba cha ushonaji cha kigango, kule upande wa Kaengesa. Kulikuwa na vyerehani vitatu vya miguu, pasi mbili za mkaa, na Mama Yuditha. Mama Yuditha ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, na muda wote alibana pini midomoni, kwa hiyo alizungumza kwa pembe ya mdomo. Tulijifunza kumwelewa hivyo hivyo. Siku akiwa hana pini midomoni, tulijua kuna mtu atachapwa.

Yeye alimpima msichana mara tatu. Kwanza akiwa amesimama. Kisha akiwa ameinama kama anayejitwisha ndoo. Mwisho akiwa amepiga magoti. "Mwanamke wa Ufipa hasimami siku nzima kama nguzo ya umeme," alisema. "Anapiga magoti kumsalimia mkwe, anapiga magoti kumpa mgeni maji, anapiga magoti mbele ya Mungu. Gauni lisilojua kupiga magoti halimfai." Mkinunua nguo mitumbani leo, mnazipima mmesimama, mnajitazama, mnapiga na picha. Jaribuni kuinama kidogo kabla ya kulipa. Mtanishukuru.

Jambo lake la pili lilikuwa pindo. Kwa nguo ya mtoto hakukubali chini ya vidole vinne. Kila mwaka mama wa mtoto alifumua kidogo, akateremsha, akapiga pasi, na gauni la Komunyo ya Kwanza likafika mpaka Kipaimara. Watu waliolima ulezi na mahindi kwa jembe la mkono hawakuwa na nguo ya kutupa. "Mtoto hakuombi ruhusa ya kukua," Mama Yuditha alisema. "Mwachie nafasi."

Nilimsikia vizuri sana. Msije mkadhani sikufundishwa.

Makosa mengine niliyofanya yalikuwa ya kuchekesha. Katekista wetu aliwahi kuniletea kitambaa nimshonee kanzu ya kuvaa Pasaka. Nilikata mikono yote miwili ya upande wa kushoto. Nikashona, nikapiga pasi, nikaikunja, sikuona kitu. Siku ya Pasaka, mkono wake wa kulia ulikuwa umejisokota kiasi kwamba kila alipoinua mshumaa, kiwiko kilimpanda sikioni. Alisoma somo zima akiwa hivyo. Baada ya Misa alinifuata akasema kwa upole, "Skola, nguo yako inanivuta upande mmoja kama mbuzi wa mnadani." Tulicheka, nikafumua, yakaisha. Kosa la kitambaa hufumuliwa. Lile ninalotaka kuwaambia halikuwa hivyo.

Mama Yuditha alipochoka, nikaachiwa mimi chumba cha ushonaji, na pamoja nacho ulezi wa wasichana. Niliwafundisha kushona, kupika chakula cha wageni, kutandika kitanda, kumwosha mtoto mchanga, kupokea mzigo wa mkubwa njiani. Na niwaambie wazi, ili mtu asije akanielewa vibaya: sijabadili imani yangu hata kidogo. Napenda msichana anayejistiri. Napenda mwanamke anayejua kwamba nyumba yenye amani haijengwi na fundi wa matofali. Nikimwona binti anapiga magoti kumsalimia bibi asiyemjua pale stendi ya Sumbawanga, huku wenzake wakimcheka, nafurahi siku nzima. Wanaowaambia kwamba heshima ni ushamba wanawadanganya. Chanda chema huvikwa pete, na wema wenyewe unaanza kabla pete haijafika.

Ila mimi nilifika mahali nikadhani staha ni kitu cha kupimwa kwa futi.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Kabla ya kila sikukuu, wasichana wanaocheza mbele ya altare na kurusha maua walipanga mstari nje ya kanisa, kwenye ile baraza ya saruji. Nilisema, "Pigeni magoti," wakapiga. Nilipita nyuma yao mmoja mmoja nikiangalia kama pindo limegusa saruji. Likigusa, nilimgusa bega, akasimama. Lisipogusa, alirudi nyumbani. Watu wakubwa walisimama kando wakitazama na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Nami nilijisikia mtu.

Sasa Oliva.

Oliva alikuwa mtoto wa bondeni, mama yake akiishi Milepa. Aliletwa huku juu akae na bibi yake apate kusoma. Bibi alikuwa mama mzee mtaratibu, mkulima wa ulezi, mtu wa kuwahi Misa. Alimleta mtoto kwenye chumba cha ushonaji, nikampa kitambaa chakavu na sindano ajaribu pindo la mkono. Pindo la mkono lina siri yake: upande wa nje, sindano idokoe uzi mmoja tu wa kitambaa, usivute, uache ulegee kidogo, ndipo mshono hautaonekana. Wengine niliwafundisha hilo kwa miezi. Oliva alitazama mara moja. Aliponirudishia, niligeuza kitambaa nje na ndani nikitafuta mshono. Hakuwa na maneno mengi, alitabasamu tu. Tangu siku hiyo nilikuwa nasema moyoni kwamba chumba hiki nimepata wa kumwachia.

Mwaka ule tulipewa jora la kitambaa cheupe kwa ajili ya wasichana wa maua. Nilipiga hesabu ya kitambaa nikaona linatoa magauni ishirini na moja, yenye pindo la vidole vinne kama nilivyofundishwa. Nilikuwa tayari na majina ishirini na moja. Kisha wakaongezeka wasichana watatu waliochelewa, mmoja wao Oliva. Ningeweza kuwaambia wasubiri mwaka unaofuata. Ningeweza kwenda kuomba mita chache zaidi. Nikafanya ujanja. Nikapunguza pindo kwenye kila gauni, kutoka vidole vinne mpaka nusu kidole, nikapata magauni ishirini na manne.

Walinisifu. Sista aliyesimamia chumba alisema mikono yangu ina baraka kama ile mikate ya Injili. Nilitembea wiki nzima sikanyagi chini.

Mama Yuditha tu ndiye ambaye hakunisifu. Alikuja na fimbo yake kutazama magauni yamening'inia kwenye kamba, akashika moja, akapindua pindo, akalitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Umewavisha wasichana wa leo, Skola. Wa mwakani watavaa nini?"

Nikamjibu, "Mwakani tutapata kitambaa kingine, Mama."

Akaliachia gauni, akaenda zake. Mwakani hatukupata kitambaa kingine.

Mwaka huo wa pili, Sikukuu ya Ekaristi ilipokaribia, wasichana wengi walikuwa wamekua kwa kiasi, wakapona. Oliva alikuwa amerefuka, miguu kama ya korongo wa bondeni kwao. Siku ya Jumatano kabla ya sikukuu alikuja kwenye chumba cha ushonaji na gauni mkononi. Mimi nilikuwa natarizi kitambaa cha altare, nyuzi zimenitatiza, sikuinua kichwa.

"Shikamoo, Mama. Gauni limekuwa fupi. Naomba tuliangalie pindo."

"Si umefundishwa wewe? Kafumue mwenyewe uteremshe. Au unataka nikushikie na sindano?"

Alisimama kidogo. Najua sasa kwamba alikuwa anatafuta namna ya kusema. Kisha akasema, "Haya, Mama," akaondoka.

Jumapili ilikuwa ya baridi, mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita, upepo unaopita hadi kwenye mifupa. Waumini walikuwa wametoka vigango vyote vya jirani. Wasichana walipanga mstari barazani, kila mmoja na kikapu chake cha maua. Nikasema, "Pigeni magoti." Nikapita. Huyu nikamgusa bega, huyu nikamgusa bega. Nikafika kwa Oliva. Pindo lilikuwa juu ya saruji, vidole viwili vizima. Nyayo zake zilikuwa nje, zimepauka kwa baridi.

Ningeweza kuinama nikamwambia sikioni. Ningeweza kumfunga khanga kiunoni, nilikuwa nayo begani. Wapo walezi ambao wangefanya hivyo bila hata kufikiri. Mimi nilipaza sauti, ili wengine wajifunze.

"Oliva, nilikwambia nini Jumatano?"

Sikungoja jibu.

"Nilikwambia ufumue pindo. Ulifumua?"

Akasema, "Nilifumua, Mama."

"Liko wapi basi hilo pindo? Unataka kunifanya mwongo mbele ya watu? Mama Maria angetembea hivi mbele ya Mwanae?"

Maneno hayo niliyasema. Nimejaribu miaka mingi kuyakumbuka vingine, yamekataa.

Oliva alikuwa bado amepiga magoti. Nikachukua kikapu chake nikampa msichana wa akiba. Yeye alikiachia kwa mikono miwili, kama tunavyomfundisha mtoto ampe kitu mtu mzima, akainuka, akapita mbele ya watu wote mpaka alipokuwa amesimama bibi yake. Bibi alimfunika na khanga yake mwenyewe. Wakaondoka kabla maandamano hayajaanza. Sisi tukaimba, tukarusha maua, sikukuu ikapendeza.

Jumatatu bibi alikuja. Gauni lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri. Nikamsalimia, nikamsogezea kigoda. Hakukaa.

"Naleta nguo ya kanisa," alisema. "Mwenyewe aipokee."

Nikaipokea. Sikuuliza mtoto anaendeleaje.

Baada ya wiki chache katekista, yule yule wa mikono ya kushoto, alikuja na orodha ya Kipaimara. "Huyu Oliva simwoni mafundisho. Vipi?" Nilikuwa nakata kitambaa. Nikasema bila kuinua mkasi, "Huyo ni mkaidi. Kakataa utaratibu. Mfute." Akamfuta. Alikuwa mtu mwema, aliniamini.

Neno langu likatembea kuliko mimi. Wasichana walilichukua nyumbani, mama zao wakalishika. Msichana akichelewa kuteka maji: "Utakuwa kama Oliva." Akinuna akitumwa: "Huyo Oliva mwingine huyo." Nililisikia likisemwa mbele yangu, nikanyamaza. Mama zenu wengi walikuwa kwenye mstari ule, na nadhani baadhi yenu mmewahi kuonywa kwa jina hilo bila kujua lilitoka wapi. Lilitoka kwangu.

Krismasi ilipokaribia, nilitoa lile gauni sandukuni nimshonee mtoto mwingine, mfupi. Nilikaa nalo dirishani, nikashika wembe nifumue pindo. Hapakuwa na cha kufumua. Ukingo ulikuwa umekunjwa mwembamba kabisa, kama wa leso, umeshonwa kwa mkono, na kwa nje mshono hauonekani. Juu kidogo ya ukingo ulikuwepo mstari wa matundu madogo, pale ulipopita uzi wa cherehani changu. Nusu kidole. Mtoto alikuwa ameniambia kweli. Alifumua. Aliteremsha kila nilichomwachia, na nilichomwachia kilikuwa si kitu.

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimepita barazani nikitafuta aibu kwenye miguu ya watoto, kumbe aibu ilikuwa ya mkasi wangu.

Na hapo ndipo lilipoingia wazo lililoninyima raha mpaka leo. Oliva alijua. Alikuwa fundi, alilijua pindo langu tangu Jumatano. Pale barazani, watu wote wakisikia, alikuwa na jibu la maneno machache: *Mama, hukuacha pindo.* Lingenimaliza. Yeye akalimeza, akatoka na aibu yangu mgongoni.

Mngetegemea nikimbie kwa bibi yake siku ile ile. Nilienda baada ya siku tatu. Bibi akaniambia mtoto amerudi bondeni kwa mama yake, shule ameacha. Nikasema nitamfuata baada ya mvua. Mvua zikaisha, nikasema baada ya mavuno. Kisha nikasema barabara ya kushuka bondeni ni mbaya, na kweli ilikuwa mbaya, ila mafundi wenzangu walishuka na kupanda kila mnada. Bibi akafariki. Nilikwenda mazishini, nikakaa nyuma, nikaondoka kabla sijaona nani amekuja kutoka Milepa. Utaratibu wangu wa kupigisha watoto magoti barazani niliuacha kimya kimya. Aliyeniuliza nilimwambia nimechoka kuinama. Gauni sikumpa mtu. Wasemao majuto ni mjukuu wanasema kweli, na huyu wangu nimemlea mpaka amenizidi kimo.

Kwa hiyo mnaona kwa nini daftari la Paroko lilinishinda. Ningewaandikiaje sheria ya kwanza, wakati niliyemtoa kwa sheria hiyo bado anaitwa mkaidi?

Mwezi uliopita nilishuka Milepa. Nilitoka huku nimevaa sweta, nikafika nimelibeba mkononi, jasho linanitiririka. Sikupata shida kumtafuta. Nilimwuliza mama mmoja sokoni fundi wa nguo za kanisa ni nani, akanielekeza bila kufikiri. Oliva sasa ni mama mwenye mwili, ana cherehani barazani kwake na wasichana wawili anaowafundisha. Aliinua kichwa akanitazama. Niliogopa kwamba atauliza mimi ni nani. Akaacha cherehani, akaja, akapiga magoti kwenye mchanga ule wa moto.

"Shikamoo, Mama."

Nikamwomba ainuke, hakuinuka mpaka nilipoitika.

Alinipa maji, akaniuliza habari za huku juu, za mavuno, za waliokufa. Aliwatuma wale wasichana dukani. Nikatoa gauni kwenye mfuko nikaliweka mapajani kwake. Akalitambua. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupindua pindo na kupitisha kidole kwenye mshono wake, kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi.

Nikasema yote. La jora, la kusifiwa, la katekista, la "mfute". Hilo la mwisho hakuwa analijua. Nilimwona usoni.

"Nilidhani walinisahau tu," alisema.

"Hawakukusahau. Mimi ndiye niliyekufuta."

Nikamwuliza swali lililonipeleka kule. "Ulijua kwamba kosa ni langu. Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ningelisemaje, Mama? Lile pindo ulilipunguza ili sisi watatu tupate magauni. Bila hivyo mimi nisingevaa hata ule mwaka mmoja. Halafu ulikuwa mwalimu wangu. Watu wote wale walikuwa wanasikia."

Nililia. Mtu mzima wa umri wangu, mbele ya cherehani cha mwanafunzi wangu.

Aliniambia alipata Kipaimara baadaye sana, akiwa tayari na mtoto tumboni, amesimama na watoto wa kumfikia kiunoni. Kanisani huenda kila Jumapili, ila hukaa karibu na mlango, na kwenye maandamano hatembei, hutazama. Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Nilishakusamehe, Mama. Ila sitakudanganya kwamba haikuniuma."

Ana binti wa miaka kumi na mmoja. Kwa ujinga wangu nikasema labda gauni lingemfaa, nikae nimwongezee kipande chini. Akalikunja, akanirudishia mikononi.

"Hili mwanangu halivai. Rudi nalo. Waonyeshe wasichana wako."

"Nikiwaonyesha niwaambieje?"

"Waambie wajistiri, maana ni vizuri. Mimi mwenyewe wangu nawaambia. Na waambie mkubwa akikosea wasinyamaze kama mimi, wamwambie, ila pembeni, kwa heshima. Wangu nimemfundisha hivyo." Kisha akaniangalia. "Na waambie sikuwa mkaidi, Mama. Uliposema nipige magoti, nilipiga."

Nimeona niwaandikie hayo badala ya sheria. Vaeni vizuri, binti zangu, nguo inayowaruhusu kuinama na kupiga magoti bila kujishikashika. Ukimwona mwenzako nguo imempungukia, usitafute simu, tafuta khanga. Na mkija kuwa walezi, jambo la aibu mlisemee sikioni. Staha kubwa kuliko zote niliyowahi kuiona ilikuwa ya mtoto mwenye gauni lililokatisha juu ya magoti, na mimi ndiye niliyemtoa mstarini.

Gauni lipo kwenye chumba chenu cha mafundisho, nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Pindueni pindo. Mtaona matundu ya cherehani changu, na chini yake mshono wa Oliva, mkiweza kuuona.

Kisha nendeni nyumbani. Mkifika, wapigieni mama zenu magoti, muwasalimie vizuri, na wakiwauliza mmefundishwa nini leo, waambieni: Bibi Skola amesema Oliva hakuwa mkaidi. Gauni lilikuwa fupi kwa mkono wa Bibi Skola mwenyewe.